Nguo Haitoki Bila Kipande

Mama yangu ni dobi, na dobi mwenye sheria ni mkali kuliko askari. Katika duka letu nguo haitoki bila kipande. Ukileta shati, mama anakata kitambaa kidogo, anakiandikia namba yako mara mbili kwa wino usiofutika, kisha anakichana katikati. Nusu anaibana kwenye shati kwa pini, nusu anakupa wewe. Ukileta nguo nyingi zote zinabeba namba moja, kwa sababu mama anasema nguo za mtu mmoja ni ndugu na ndugu hawatenganishwi. Siku ya kuchukua unaonyesha nusu yako. Ukiwa huna, unaondoka mikono mitupu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliwahi kusimama mbele ya kaunta yetu akiiomba suruali yake, huku anaiona inaning'inia pale kwenye waya, na mama amemfulia tangu hajaota ndevu. "Wewe nakujua," mama alimwambia. "Suruali ndiyo haikujui." Ikabidi mwalimu mkuu arudi kwake kupekua mifuko.

Tulicheka sana siku ile. Dada yangu ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akakaa chini. Nalieleza hili kwanza kwa sababu mtu asiyeijua sheria ya mama hawezi kuelewa tulichomfanyia mtoto wa dada.

Mto ulipovunja kingo zake, sisi wa mlimani tulipata matope mlangoni na basi. Bondeni walipata mengine. Dada aliishi bondeni na binti yake, karibu na kiwanda cha mikate alikofanya kazi. Maji yaliingia wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa na vijiko mkononi. Jirani yao, fundi bomba, alikuwa amekwisha kupanda juu ya paa lake. Alituambia kwamba dada alimwinua mtoto juu ya ukuta wa uani, yeye akamdaka kwa mkono mmoja, na dada akamwambia mtoto neno ambalo yeye fundi hakulisikia kwa kelele za maji. Kisha ukuta ukaanguka na dada akaenda nao.

Maji yalipopungua tulimkuta kwenye senyenge za uwanja wa mpira. Sitasema zaidi ya hapo. Tulimzika mchana, na mtoto tulimwacha kwa mama wa nyumba ya pili, kwa sababu mama yangu alisema mtoto haonyeshwi shimo. Tuliporudi tukampitia. Alimtazama bibi yake usoni, akauliza, "Bibi, mama yuko wapi?"

Mama alikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu. Akajibu, "Bado hajarudi, mjukuu wangu. Atakuja."

Nilimwangalia mama nikidhani ataongeza neno. Hakuongeza. Nami nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, nikasema kesho tutalinyoosha. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Mtoto huyu tunamwita Kifungo. Tangu anatambaa alikuwa akikaa chini ya meza ya kupigia pasi akiokota vifungo vilivyokatika kwenye mashati ya watu, na kila jioni bibi yake alikuwa akimkagua mdomoni kwanza kabla ya kumruhusu kwenda kwao. Sasa ana miaka saba. Duka analijua kama mimi ninavyolijua. Anajua sabuni ipi ni ya sufu na ipi ni ya pamba, na ukimwacha kaunta atakudai kipande bila kukuonea haya.

Jioni moja kabla ya mafuriko dada alipita dukani akitoka kazini, akavua sweta lake la kijani na kulitupa kwenye kapu la nguo chafu. "Mama, nifulie hili," alisema. "Linanukia mkate mpaka mbwa wananisindikiza nyumbani." Mama akakata kipande. Ndiyo, hata kwa mwanawe wa kumzaa. Dada akaitia nusu yake mfukoni huku akimtania kwamba siku ya kiyama mama atamdai hata malaika kipande. Namba yake ilikuwa kumi na tisa, ya siku zote.

Kifungo alilikuta sweta lile kapuni siku ya kwanza tu alipokuja kuishi nasi. Alilitoa, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo. Tangu siku hiyo alikuwa akifungua fundo mara moja asubuhi na mara moja kabla ya kulala, anatia pua, anavuta pumzi, anafunga haraka. Alikuwa akiitumia ile harufu kwa kubana, kama mtu anavyobana sukari ya mwisho koponi. Ilikuwa harufu ya hamira, moshi wa tanuri na mafuta ya nywele ya dada. Nami niliivuta siku moja yeye akiwa shuleni, nikalia mpaka nikashindwa kupiga pasi.

Lakini yeye hakulia. Watu wakamsifu kwa hilo. Alikuwa akiamka mwenyewe, anaoga bila kuambiwa, anachana nywele, anavaa gauni safi, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango na magoti pamoja. Chakula anamaliza. Ukimwita anaitika, "Abee." Majirani walikuja kutupa pole wakamwona, wakasema mtoto ana moyo wa chuma, Mungu amempa subira. Mama alivimba kwa fahari. Mimi ile adabu ilinitisha. Kifungo niliyemjua alikuwa mtoto wa kufukuzwa na taulo ndipo aoge.

Shuleni walikuwa wamemleta mshauri wa watoto wa bondeni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua yasiyoisha, na ofisi yake ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, kati ya nyavu na mipira iliyopasuka. Watoto walimwita Mwalimu wa Kuchora. Aliniita siku moja akanionyesha michoro. Watoto wengine walikuwa wamechora maji meusi, mapaa, watu wenye mikono mirefu. Kifungo alikuwa amechora duka letu, limepangwa vizuri, nguo zote kwenye waya, mlango wazi.

"Ni mzuri," nilisema.

"Ni mzuri sana," alisema, akapenga kamasi. "Anachora huohuo kila wiki. Dada, mtoto huyu ameambiwa nini kuhusu mama yake?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sura yake haikubadilika, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Mwambieni amekufa," alisema. "Kwa neno hilohilo. Msiseme amelala, ataogopa kulala. Msiseme amesafiri, atangojea. Mwambieni mkiwa naye, mmemshika, na akiuliza mara mia mjibuni mara mia. Ataumia. Lakini sasa hivi anaumia peke yake, na nyinyi mnampigia makofi."

"Mama yangu hatakubali."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema. "Mwambie na hilo."

Nilimwambia mama tukiwa tunakamua mashuka. Alilikamua lake mpaka likalia. "Huyo mwanamke amezaa?" aliuliza. Nikasema sijui. "Basi aende akachore. Mtoto anakula, analala, hasumbui. Unataka nimtie kisu ili nione kama ana damu?"

"Mama, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Na wewe umeanza lini kunifundisha methali? Mimi ndiye niliyekufundisha."

Nilijua kinachomsumbua. Waya wa nyuma dukani ulikuwa umejaa nguo za watu wa bondeni walizozileta kabla ya maji. Sare za wauguzi, suti ya harusi, nepi, shati la kinyozi. Nyingine wenyewe walikuja kuzichukua, na mama aliwapa kwa vipande au aliwarudisha kwa kukosa vipande, kana kwamba mtu aliyepoteza nyumba angekumbuka kuokoa kitambaa. Zilizobaki hazikuwa na mtu. Kila wiki mama alizishusha zote, akazipiga pasi upya, akazitundika. Mama wa nyumba ya pili alipomshauri azipeleke kambini kwa waliopoteza kila kitu, alimjibu akiwa ameinua pasi ya moto, na mwenzake akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Wenyewe watakuja," mama alisema. "Nguo ikiwa tayari, mwenyewe huja."

Kifungo alikuwa kwenye kigoda chake. Alisikia, kama alivyosikia maneno hayo tangu kuzaliwa kwake.

Siku chache baadaye, asubuhi ya Jumamosi, alikuja na ule mfuko wa plastiki akauweka juu ya kaunta.

"Bibi," alisema, "nifulie sweta la mama."

Mama aliuacha wino wazi. Alinitazama kwa ushindi uliochanganyika na machozi, nami nitasema ukweli, moyo wangu uliruka. Nilidhani ndiyo ameanza kuliachia. Nilimfikiria mshauri na mafua yake nikasema moyoni, kumbe na wewe hujui kila kitu.

"Una hakika, mwenzangu?" mama alimuuliza.

"Ndiyo. Lakini tulifue vizuri. Liwe tayari kabisa."

Walilifua pamoja, katika beseni la sufu, kwa maji ya uvuguvugu. Mama alimwonyesha kukandamiza bila kusugua. Kifungo alilifungua lile fundo mwenyewe, akatia uso ndani ya mfuko kwa muda mrefu kuliko siku zote, kisha akalizamisha. Harufu ya mkate ilipanda na mvuke mara moja, duka zima likanukia dada, kama amepita mlangoni na vile viatu vyake vya unga. Mama alishika ukingo wa beseni. Baadaye ikabaki harufu ya sabuni. Nikayamwaga maji mferejini mwenyewe, yalikuwa na rangi ya kijivu, na wakati ule sikufikiria kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Walilitandaza juu ya taulo kivulini. Mama aliimba siku ile, alikuwa hajaimba tangu mafuriko. Jioni akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeona? Mtoto anapona mwenyewe. Kidonda ukikichokonoa ndipo kinapooza."

Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko, hakuna shule. Sweta lilikuwa limekauka. Kifungo alilikunja mikono kwa ndani kama tunavyofanya, akaliweka kwenye kaunta, kipande juu, namba ionekane. Akaoga. Akavaa gauni lake la bluu. Akakaa kwenye kigoda, magoti pamoja, akaangalia mlango.

Wateja wakaja wakaenda. Kila kivuli kilipoingia alinyoosha mgongo. Nilimwita aje tucheze na vifungo, akasema, "Asante, Mamdogo, baadaye." Wakati wa chakula alikataa kuondoka pale, akala sahani ikiwa mapajani na macho yakiwa njiani. Mama alikuwa nyuma na mashuka ya nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa napiga pasi, na kila nilipoinua macho nilimkuta vilevile.

"Kifungo, unamngoja nani?"

"Mama."

Nikaisimamisha pasi. "Nani amekuambia anakuja leo?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni wa duka. "Sweta liko tayari. Alikuwa haji kwa sababu bado ni chafu. Hata Bibi amesema, nguo ikiwa tayari mwenyewe huja."

Nilimwendea nikachuchumaa mbele yake. Hapo ndipo nilipoona pini. Chini ya kola ya gauni la bluu, upande wa ndani, alikuwa amejibana kipande cha kitambaa. Nikaigeuza kola. Namba kumi na tisa, kwa mwandiko wa mtoto, na wino wa mama usiofutika.

"Hii ni ya nini?"

"Nguo za mtu mmoja ni namba moja," alisema. "Asije akachukua sweta akanisahau mimi. Alisema nikae pale juu, anakuja kunichukua. Lakini wakanishusha fundi na wale watu wa boti, kwa hiyo hajui niko wapi."

Ndilo neno ambalo fundi bomba hakulisikia. Usafi wote ule, kuoga, kuchana, abee, magoti pamoja, alikuwa anajiweka tayari. Alijifua yeye mwenyewe kila asubuhi, akajitundika mlangoni, na sisi tukasema ana moyo wa chuma. Nilihisi aibu iliyonichoma masikio. Na nilimkasirikia mama, nilimkasirikia dada kwa kufa. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamshika mikono yote miwili.

"Kifungo, nisikilize. Mama yako amekufa. Alikufa siku ileile ya maji. Ukuta ulianguka naye. Hawezi kuja. Angeweza angekuja, angekuja siku hiyohiyo, lakini amekufa."

Hakulia. Alikuwa anafikiri, niliyaona macho yake yakipita kwenye jambo moja baada ya jingine.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Tumemzika. Nitakupeleka uone mahali."

"Bibi anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akageuka akaliangalia sweta juu ya kaunta, limekunjwa, kipande juu. Kisha akanirudia.

"Kama mlijua haji," alisema, "kwa nini mlilifua?"

Alishuka kwenye kigoda, akalichukua sweta, akalikunjua, akatia uso ndani na kuvuta pumzi. Akavuta tena. Akaligeuza ndani nje, akatafuta kwapani, kwenye kola, kwenye mikono. "Linanuka sabuni," alisema. "Mamdogo, linanuka sabuni tu." Kisha ile sauti ikatoka, ambayo tulikuwa tumemsifu kwa kutokuwa nayo. Mteja aliyekuwa anaingia alirudi nje akafunga mlango taratibu.

Mama alitoka nyuma mikono ikidondosha maji. Aliona sweta, akaniona mimi, akaelewa. Nilidhani atanifokea. Alikaa chini palepale sakafuni, kwenye maji yaliyomdondoka, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Nilifua mimi," alimwambia mtoto. "Nilijua, na nikafua. Nilitaka awe anakuja, mjukuu wangu. Nilikuwa nasema mpaka na mimi nangoja."

Kifungo alimpiga. Alimpiga ngumi kifuani na mabegani, akimwambia mwongo, Bibi mwongo, na mama hakuinua mkono kujikinga. Nilitaka kuingilia, nikakumbuka yule mwanamke wa stoo ya mipira, nikabaki nimekaa karibu yao. Mtoto alipoishiwa nguvu aliangukia hapohapo alipokuwa akipapiga. Ndipo mama alipoiona ile kola na kile kipande. Alikisoma. Alijua kinamaanisha nini, nani amjuze, yeye ndiye mwenye sheria. Akapeleka vidole kuifungua pini.

Kifungo akaifunika kwa kiganja. "Usitoe."

"Nataka kukuchukua mimi," mama alisema.

"Huna kipande."

Nusu ya pili ilikuwa mfukoni mwa dada siku ile ya maji, na hatukuiona tena. "Sina," mama alisema. "Nitakuchukua bila kipande."

"Si sheria," Kifungo alisema, kwikwi zimemkaba. "Wewe mwenyewe ulisema si sheria."

Wiki ileile mama alizishusha nguo za waya wa nyuma, akabandua vipande kimoja kimoja, nami nikazipeleka kambini kwa mkokoteni. Hakuzipiga pasi. Tulimpeleka Kifungo kaburini, akauliza mama yake anapumuaje humo, tukajibu kwamba hapumui. Ameuliza tena mara nyingi, na tumejibu mara hizohizo. Sasa anagoma kuoga. Anakojoa kitandani, anatukana, amemng'ata mtoto mwenzake shuleni. Majirani wanasema ameharibika. Mshauri anasema tuvumilie, na anaahidi tu kwamba atakuwepo Jumatano.

Sweta analo, halinukii kitu. Kipande hakijatoka. Kila asubuhi ninakihamisha kutoka gauni la jana kwenda gauni la leo, upande wa ndani wa kola, na yeye anasimama kimya mpaka nimalize. Jana mama aliniomba pini, afanye yeye. Kifungo alimtazama kwa muda, kisha akamgeuzia shingo. Mama aliipapasa kola mpaka akaipata, akakibana kipande upande wa ndani.